Hodi katika nyumba ya Shiva: jibu kwa binti wa Tanga anayekwenda Varanasi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma famasia hapa Delhi. Mama yangu anakuja mwanzoni mwa Desemba kutibiwa magoti, na tukimalizana na hospitali tutabaki na siku tatu. Jirani yetu wa Tanga, bibi wa Kihindu ambaye mtaa mzima tunamwita Ba, amenisihi nimletee maji ya mto Ganga kutoka Kashi, yaani Varanasi. Mama naye anasema tukifika huko angependa kuyaona mahekalu. Sisi ni Waislamu, na mimi navaa hijabu. Je, tutaruhusiwa kuingia? Tufanye nini wakitupa chakula chao cha ibada, au wakitaka kutupaka rangi kwenye paji la uso? Na ni mahekalu gani yanayofaa kwa mtu mwenye magoti mabovu? Sitaki kumkosea mtu, wala sitaki kuikosea dini yangu.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nisalimie mama, na umpe pole ya magoti.

Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonikalisha kitako nikujibu kwa urefu. Nilikaa Banaras, mji huohuo wa Varanasi, miaka minne nikisoma, na tangu hapo nimewapeleka huko wageni wengi wa kwetu. Karibu wote huniuliza wataweza kuyamaliza mahekalu mangapi kwa siku. Wewe umeuliza namna ya kutomkosea mtu, na ukilishika hilo mengine yatafuata yenyewe.

Anza na jambo hili: hekalu la Kihindu ni nyumba ya mtu. Msikitini watu hukusanyika kuswali, kanisani vivyo hivyo. Hekaluni, kwa imani ya wenyewe, mungu anaishi. Alfajiri huamshwa, huogeshwa, huvishwa nguo na mashada ya maua, huandaliwa chakula, mchana huachwa apumzike, jioni huwashiwa taa, usiku hulazwa. Kuhani ni mtumishi wa nyumba hiyo. Ndiyo maana mahekalu mengi hufunga milango adhuhuri kwa saa kadhaa: mwenyewe amelala. Na ile kengele inayoning'inia mlangoni, ambayo kila anayeingia huinua mkono akaigonga mara moja, ni hodi.

Wahindu hawasemi wanakwenda hekaluni "kusali" kama tunavyosema sisi. Wanakwenda kupata darshani, yaani kumwona mungu na kuonwa naye. Kwenye mahekalu makubwa jambo lenyewe halichukui hata sekunde tatu. Mtu amesafiri siku mbili kwa treni, amepanga foleni saa nne, anafika mbele, anatazama, askari anamsukuma apishe mwingine, na anatoka amebubujikwa na machozi. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani amekasirika kwa kusukumwa. Kumbe ameshapata alichokifuata.

Ukiingia ukijua kwamba uko sebuleni kwa mtu, hutahitaji orodha ndefu ya makatazo. Viatu unaviacha mlangoni. Husimami katikati ya njia ukamziba aliyekuja kumwona mwenyeji. Hupigi picha chumba cha ndani. Hugusi vyombo vya watu. Ukipewa kitu unapokea kwa mkono wa kulia, na hilo huhitaji kufundishwa na mtu, umezaliwa nalo.

Sasa mji wenyewe. Varanasi, Banaras na Kashi ni mji mmoja. Jina la Varanasi hufafanuliwa kwa vijito viwili vinavyoingia Ganga, Varuna upande wa kaskazini na Assi upande wa kusini. Mto hapa umejikunja ukaelekea kaskazini, na mji wote umekaa ukingo wa magharibi, hivyo jua linapochomoza ng'ambo linaupiga usoni. Ngazi za mawe zinazoteremka majini huitwa ghati, na huhesabiwa 84. Kwa Wahindu huu ni mji wa Shiva, mmoja wa miungu wao wakuu. Wanaamini anayefia Kashi hunong'onezwa sikioni na Shiva mwenyewe neno la kumvusha, akawekwa huru na mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Ba anapokuagiza maji ya Kashi, hilo ndilo lililomo moyoni mwake, na nitarudi kwake mwishoni.

Usishangae ukiambiwa mji ni wa kale kupindukia kisha ukakuta mahekalu mengi si ya zamani sana. Utakatifu wa mahali ni wa kale, majengo yamekuwa yakibomolewa na kujengwa upya. Hekalu kuu la Kashi Vishwanath lilibomolewa mwaka 1669 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, na msikiti wa Gyanvapi umesimama hapo. Hekalu la sasa, lililo ubavuni mwa msikiti huo, lilijengwa na malkia Ahilyabai Holkar wa Indore likakamilika 1780, na dhahabu ya kuba zake ilitolewa na Maharaja Ranjit Singh wa Punjab, ambaye alikuwa Singasinga. Kuhusu msikiti na hekalu hivi sasa kuna kesi mahakamani, na mji mzima unazifuatilia. Ninakutajia ili uelewe kwa nini utakuta askari wengi na vizuizi vya chuma, na ili ukiulizwa na mtu njiani wewe uko upande gani, ujibu kwamba ni mgeni na umemsindikiza mama yako. Usiingizwe kwenye mjadala huo na mtu usiyemjua.

Je, mtaruhusiwa? Mahekalu mengi ya Banaras hayana shida na mgeni. Vishwanath ni habari nyingine. Wageni wa kutoka nje ya India huingia kwa kuonyesha pasipoti halisi, si nakala, na utaratibu wa mageti hubadilishwa mara kwa mara, hasa karibu na sikukuu, kwa hiyo ulizeni siku hiyohiyo kwenye dawati la hekalu. Lakini sitakuficha: kwa mazingira niliyokueleza, binti mwenye hijabu anaweza kuulizwa maswali zaidi pale kuliko mahali pengine popote mjini, na anaweza kuambiwa hapana. Wapo vijana wa kuongoza wageni watakaokushauri uvue hijabu useme wewe ni Mhindu. Usifanye hivyo. Ni uongo mlangoni kwa mtu, na hukutoka Tanga kuja kusema uongo. Ukiulizwa dini yako itaje kwa sauti ya kawaida. Ukiambiwa hapana, sema asante, geuka. Mwenye nyumba ana haki ya kusema leo sipokei wageni.

Mkiruhusiwa, simu, kamera, mikoba, kalamu, hata saa za kisasa haziingii. Maduka ya jirani yatajitolea kuwahifadhia vitu bure mradi mnunue trei ya maua na peremende. Huo ni utaratibu wa kawaida pale, ila patana bei ya trei kabla hujakabidhi simu. Mimi huiacha simu yangu chumbani hotelini, roho ikatulia. Ndani, usitarajie sanamu kubwa. Shiva hapa ni linga, jiwe dogo jeusi lililokaa ndani ya beseni la mraba lililofunikwa fedha, chini sakafuni, na watu huinama kulimwagia maji na maziwa na kuliwekea majani ya mti wa bel. Jani la bel hukua matatu kwenye kikonyo kimoja. Utaona wanawake wamekaa pembeni wakiyachambua trei nzima, wakitupa kila lenye tundu la mdudu, kwa sababu jani lililotoboka haliwezi kupelekwa kwa mheshimiwa.

Tangu Desemba 2021 hekalu hili limeunganishwa na mto kwa uwanja mpana wa mawe. Zamani ulikuwa unapenya vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Mamia ya nyumba yalinunuliwa yakabomolewa, na ndani ya baadhi yake vikaonekana vihekalu vilivyokuwa vimezibwa na kuta za jikoni. Mimi nilivipenda vichochoro vile na bado vinanitia simanzi, lakini kwa mama yako uwanja ule ni nafuu kubwa.

Kwa magoti yake, hata hivyo, msianzie huko. Anzieni kusini, ambako barabara ni pana na rikisho la umeme linawashusha karibu na lango. Siku moja nzima itawatosha kwa mahekalu manne, na kwa maoni yangu siku hiyo ndiyo itakayobaki moyoni mwenu.

La kwanza ni Vishwanath mpya iliyo ndani ya chuo kikuu cha Banaras Hindu University. Chuo kilianzishwa 1916 na Madan Mohan Malaviya, naye alitaka pawepo hekalu la Shiva ambalo mlango wake hautamuuliza mtu tabaka wala dini. Jiwe la msingi liliwekwa 1931, Malaviya akafariki 1946 kabla halijakamilika, na familia ya wafanyabiashara ya Birla ikagharamia ujenzi hadi ukaisha katika miaka ya 1960. Mnara wake mweupe unapita mita 70. Ndani ni marumaru tupu, pana na kimya, na kutani yamechongwa maandiko ambayo wanafunzi huja kuyasoma wakitembea polepole. Hapa mama anaweza kukaa chini akatazama kila kinachofanyika bila kuharakishwa na mtu. Ningependa mlango wenu wa kwanza uwe huu, ule uliokusudiwa kumpokea kila mtu.

Mkirudi kuelekea Assi mtakuta mengine matatu yaliyokaribiana. Hekalu la Durga, mungu wa kike, jekundu tangu chini hadi kileleni, lilijengwa karne ya 18 kwa fedha za malkia kutoka Bengal, kando ya bwawa la mraba. Wasio Wahindu huishia uani, na uani panatosha, maana madhabahu huonekana kupitia nguzo. Tulsi Manas, jeupe, ni la 1964. Kutani mwake zimechongwa beti za Ramcharitmanas, utenzi wa mshairi Tulsidas kuhusu Rama, mungu aliyezaliwa mwana wa mfalme. Tulsidas aliyaandika hayo katika karne ya 16 kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida, wakati wasomi wakitaka mambo ya Mungu yabaki katika Kisanskriti. Sisi watu wa pwani tunalielewa hilo bila tafsiri: washairi wetu walivichukua visa vya mitume na masahaba wakavitia kwenye tenzi za Kiswahili ili mama jikoni naye avisikie.

La nne ni Sankat Mochan, la Hanuman, mungu mwenye umbo la kima, na husemwa kwamba ni Tulsidas huyohuyo aliyelianzisha. Kama mama ana nguvu za hekalu moja tu, mpeleke hapa. Jina lake ni "Mwondoa mashaka", na watu huja na mashaka yao kweli, hasa Jumanne na Jumamosi, siku ambazo nyinyi mzikwepe kwa sababu ya msongamano. Mwaka 2006 bomu lililipuka hapa, ndiyo maana mnapekuliwa na simu zinaachwa nje. Ukishavuka hapo unaingia kwenye miti. Sanamu ya Hanuman imepakwa rangi ya chungwa kwa tabaka juu ya tabaka, na amewekwa akitazamana na Rama, bwana wake, ng'ambo ya ua. Mtumishi hapumziki kumtazama bwana wake. Pembeni kumejaa watu sakafuni, kila mmoja na kijitabu kidogo, wanaisoma sifa ya Hanuman ya beti 40 kwa kunong'ona. Nakumbuka mama mmoja wa makamo, kijitabu chake kimelainika kwa jasho la vidole hadi kurasa zimekuwa kama kitambaa. Alikuwa hakitazami. Alikishika tu wazi magotini, macho amefumba, midomo inakwenda. Kima alikuja akachukua ladu kutoka kwenye boksi lake. Alifumbua jicho moja, akamwachia la pili, akaendelea pale alipofikia.

Kima wa hapo na wa hekalu la Durga wana mikono myepesi. Miwani ya mama iwe mfukoni, na chakula kisionekane mkononi.

Sasa maswali yako magumu.

Chakula cha ibada kinaitwa prasadi. Kimepelekwa mbele ya mungu, naye, kwa imani yao, amekionja, kinachorudi ni baraka igawiwayo kwa kila aliyepo. Kama ni halali kwako kukila au la, kamuulize shekhe unayemwamini kabla hujaondoka Delhi, mimi sina mamlaka ya kukujibu hilo. Ninachoweza kukufundisha ni namna ya kutokula bila kumvunja mtu moyo. Usitikise mkono wala kurudi nyuma. Kama unaona ni sawa kukishika, pokea kwa kiganja cha kulia, kushoto kikiwa chini yake, inamisha kichwa kidogo, halafu mpe mtoto au mama mzee aliye karibu. Hakuna atakayechukia, kugawa prasadi ni jambo jema. Kibaya ni kuiacha ikaanguka chini au kuitupa kwenye pipa. Na kama hata kushika hutaki, kunja viganja kifuani, inama, tabasamu. Watu wa Banaras wameishi na Waislamu karne nyingi, wanaijua ishara hiyo.

Rangi ya kipajini, tilaka, ni hivyohivyo. Kuhani akikunyooshea kidole chenye sandali au rangi nyekundu, kunja mikono na uinamishe kichwa huku ukirudi nusu hatua. Ila jua kwamba baadhi ya wanaopaka rangi ghatini wanatafuta noti, na hao hupaka kwanza wakakuuliza baadaye. Pita mbali nao. Vilevile ukifunguliwa daftari lenye majina ya wageni na mbele yake maelfu ya rupia, hujalazimika kuyafuata maelfu yale. Sanduku la sadaka lipo, tia noti ndogo kama unataka, basi.

Kuzunguka madhabahu: watu huzunguka wakiiweka kuliani mwao, na nyinyi mkiwa uani fuateni mkondo huo ili msigongane na wenyewe. Kwa Shiva kuna jambo la ziada, na mimi nililijua kwa kukosea. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kihekalu cha kichochoroni, nikalizunguka linga duara zima kwa kujiamini. Bibi mmoja aliyekuwa akifagia aliweka ufagio chini, akanishika kifundo cha mkono, akanirudisha nyuma kimyakimya mpaka pale nilipovuka mfereji mdogo wa jiwe. Maji yanayomwagwa juu ya linga hutoka kwa kupitia hapo, na hayarukwi. Mtu huzunguka hadi kwenye mfereji, akageuka akarudi alikotoka. Alinionyesha kwa kutembea mwenyewe, mgongo umepinda, kwenda na kurudi, kisha akaokota ufagio wake. Sikuwahi kusahau tena.

Jambo moja la wanawake, uniwie radhi: kwa desturi ya Wahindu wengi mwanamke aliye hedhini haingii hekaluni. Hakuna atakayekuuliza mlangoni. Nimekutajia kwa sababu umesema hutaki kuwakosea.

Mavazi yenu ya kawaida, baibui, dera au gauni refu, yanafaa kuliko nguo za watalii wengi ninaowaona kule. Msivae mikanda ya ngozi, na chukueni soksi nene, marumaru ya Desemba hukata nyayo.

Siku ya pili mama apumzike asubuhi, wewe nenda kwenye vichochoro. Nenda kwa Kal Bhairav. Huyu ni umbo kali la Shiva, na Banaras humwita kotwali, mkuu wa polisi wa mji. Mahujaji husema bila ruhusa yake hakuna akaaye Kashi. Utaona uso wa fedha tu, mwili wote umefunikwa nguo na maua, na watu wanatoka na uzi mweusi shingoni au mkononi, wamepitishiwa begani kifimbo cha manyoya ya tausi. Mbwa hufugwa kwa heshima hapo, ndiyo kipando chake. Karibu na Vishwanath yupo Annapurna, mungu wa kike wa chakula. Wanasimulia kwamba Shiva mwenyewe alimwendea na bakuli akiomba, na hadi leo hekalu lake hulisha watu bure. Siku tatu hazitoshi zaidi ya hapo, na mimi nakusihi usiongeze. Mtu aliyekaa saa moja Sankat Mochan ameona mengi kuliko aliyekimbia mahekalu 12.

Ukiwa kwenye vichochoro hivyo sikiliza. Ustad Bismillah Khan, mpiga shehnai ambaye ni fahari ya India nzima, alikuwa Mwislamu wa Banaras. Shehnai ni ndugu wa zumari yetu ya pwani. Mjomba wake alikuwa mpigaji wa hekalu la Vishwanath, na yeye mwenyewe tangu utotoni alikuwa akifanya mazoezi kwenye hekalu la Balaji juu ya mto, kisha akaswali swala zake tano. Ndiye aliyepiga Delhi India ilipopata uhuru 1947. Alifariki 2006. Na mitaani kama Madanpura, hariri za Banaras wanazovaa mabibi harusi wa Kihindu zimefumwa kizazi baada ya kizazi na mafundi Waislamu. Mwambie mama hayo, atajiona hayuko ugenini sana.

Jioni nendeni kwenye arati ya mto, yaani ibada ya taa, ghati ya Dashashwamedh. Ni ya kila siku, Desemba huanza kiasi cha saa 12 jioni. Msikae kwenye ngazi, magoti hayatavumilia umati. Kodini mashua ghati ya Assi, mpatane bei kabla ya kupanda, muitazame mkiwa majini. Makuhani vijana husimama safu moja, huanza kwa kupuliza kombe la baharini, kisha ubani, kisha taa kubwa za shaba zenye ngazi ngazi za tambi zinazowaka kwa samli na kafuri, na zote huzungushwa kuelekea mto. Mto ndio mama anayeamkiwa. Harufu ya kafuri na samli ikija juu ya maji baridi, mtu wa pwani atakumbuka nyumba zaidi ya moja.

Mashua itapita Manikarnika, ghati ya kuchomea maiti. Moto wake hauzimwi, unatunzwa na watu wa jamii ya Dom, na kuni hupimwa kwenye mizani kubwa palepale. Msipige picha hata kwa mbali. Kichochoroni mkisikia sauti zikiitikiana "Ram naam satya hai", yaani jina la Rama ndilo kweli, mnapishana na maiti iliyobebwa kwenye machela ya mianzi. Simameni ukutani hadi ipite, kama mnavyosimamia jeneza Tanga. Na akija mtu kuwaambia mpande naye roshani mkaone vizuri, halafu mchangie kuni za wazee maskini, mkatalieni. Ni mtego wa siku nyingi, na pesa haifiki kwa wazee.

Kuhusu safari: treni ya kasi ya Vande Bharat kutoka Delhi huchukua takriban saa 8 na ina viti vya kuegemea. Jitahidini mwende kabla ya katikati ya Desemba, maana baada ya hapo ukungu wa bonde la Ganga huchelewesha treni kwa saa nyingi. Asubuhi kuleni kachori, lakini mjue si ile ya viazi mnayoijua nyinyi, hii ni mkate uliovimba wenye dengu ndani, unaliwa na mchuzi wa viazi. Mama kama anakula tambuu, amefika kwao. Pale popoo hulowekwa, katu husafishwa kwa siku kadhaa, na jani hukunjwa likawa laini kiasi cha kuyeyuka. Tambuu ya Banaras ni ya kutafuna polepole, na akiomba isiyo na tumbaku wataelewa.

Sasa maji ya Ba.

Kwenye ghati utaona vijungu vya shaba vilivyokwisha kuzibwa, vikiuzwa kwa wasafiri. Nunua kitupu. Asubuhi ya mwisho panda mashua Assi kabla jua halijatoka, kama saa 12, umwambie mpiga kasia kwa Kihindi chako chochote kwamba unataka maji ya bibi yako. Atajua. Atakupeleka katikati, mbali na mifereji, na atasimamisha kasia. Chota jua linapochungulia, jaza, ziba kwa mfuniko wake, kisha kifunge kwenye nailoni mara mbili ukitie katikati ya nguo kwenye sanduku la kupakiwa, si mkoba wa mkononi. Wewe na mama msiyanywe, mto umechafuliwa sana na maji ya mji. Ba ana matumizi yake.

Unapaswa kuyajua. Kila nyumba ya Kihindu inayoweza hutunza maji haya kwenye rafu ya ibada, na mtu anapokaribia kufa hutiwa matone machache mdomoni pamoja na jani la tulsi, jamii ya mrihani wetu. Mzee anayeagiza maji ya Kashi mara nyingi anajiwekea ya siku hiyo. Ba angeweza kumtuma mtu wa kwao, akakutuma wewe. Kwa hiyo usimpelekee kupitia mtoto wa jirani, wala usimwachie dukani. Ukifika Tanga oga, nenda mwenyewe na mama, vueni viatu kizingitini, mpige hodi, na umkabidhi kwa mkono wa kulia.